Mkono Mwepesi wa Kinyozi

Kinyozi huyu hakuwa mtu wa kuogopa kitu chenye makali. Wembe aliushika kama wengine wanavyoshika kalamu, na shingo za watu wazima, wengine wakorofi kweli kweli, zilitulia mikononi mwake huku yeye akisimulia habari za mtaa mzima bila kuvuta pumzi. Ndiyo maana wakamwita Redio. Lakini tangu binti yake atoke hospitali, Redio alikuwa anaogopa unga mweupe uliokaa kwenye kikopo kidogo cha plastiki. Aliuogopa akiwa kazini, aliuogopa akiwa anakula, na saa nane mchana ikikaribia, yaani saa ya dawa, aliitazama saa ya ukutani kama mwanafunzi siku ya mtihani.

Binti mwenyewe walimwita Punje. Alizaliwa mdogo mno, baba yake akasema huyu si mtoto, ni punje ya mchele, na jina likaganda. Hakuwa bado ametimiza mwaka. Mwili wake haukujua kutupa takataka zinazobaki chakula kikishasagika. Wewe na mimi tunazitupa bila hata kujua kwamba tunazo. Kwa Punje zilikuwa zinapanda kichwani. Ule unga ndio uliokuwa unazizoa na kuzitoa nje.

"Mkimpa pungufu, takataka zitampanda, atalala usingizi mzito," daktari aliwaambia siku ya kuwaruhusu. Alikuwa mama wa makamo, si msemaji sana, na kila neno alilitoa kama anayelilipia. "Mkimzidishia, dawa yenyewe itamlevya, naye atalala usingizi mzito."

"Sasa nitajuaje huu ni usingizi gani?" Redio aliuliza.

"Kwa macho hutajua, baba. Ndiyo maana mnapima."

Kuanzia siku hiyo Redio hakusumbuliwa tena na kilio cha mtoto. Kilichomsumbua kilikuwa kimya.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kusonga ugali kwa mwiko unaomfika begani, na nyumbani alikuwa na mizani yake ya jikoni. Waliijaribu. Waliweka juu yake dawa ya mara moja, wakainama wote wawili kuangalia, mizani ikabaki pale pale kama haijaletewa kitu. Wakaongeza ya mara ya pili. Kimya.

"Hii inajua viazi tu," mama Punje alisema. "Katafute inayojua vumbi."

Redio akaenda mjini na mtoto begani, maana hakumwamini mtu mwingine kumwachia. Duka la mizani lilibanwa kati ya fundi simu na mchonga funguo. Humo ndani kulikuwa na mizani za kila namna: za kuning'iniza nyama, za kupandia watu wanene wanaojidanganya, za kupimia masanduku ya wasafiri. Mwenye duka alikuwa mzee mfupi aliyesukumia miwani kwenye paji la uso na, kwa muda wote wa mazungumzo, hakuishusha.

"Nataka ndogo, ya kutia mfukoni," Redio alisema. "Inayosoma kitu chepesi kabisa."

Mzee akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Unapimia dhahabu, au unapimia mambo?"

"Napimia mtoto."

"Mtoto haingii humu, ndugu yangu."

Siku nyingine Redio angecheka mpaka mtaa wa pili usikie. Siku ile alieleza tu, kwa sauti ya chini, habari ya unga na habari ya usingizi. Mzee akasikiliza, akamwangalia Punje aliyekuwa anamdondoshea udenda babaake begani, kisha akasafisha sehemu ya meza kwa kiganja na kupanga mizani tatu.

Ya kwanza ilikuwa pana, ina kioo kinachowaka buluu, na kwenye boksi lake wameandika inabeba kilo mbili. "Hii ni ya kujisifu," mzee alisema. "Mwenye kubeba kilo mbili haoni punje. Achana nayo." Ya pili ilikuwa na kikuta cha plastiki pande zote, inasoma mpaka sehemu ya elfu ya gramu. Mzee aliiwasha, na namba ya mwisho ikaanza kutapatapa. Akapuliza kidogo, ikazidi. "Hii ni nzuri ukiwa na chumba chake, asipite hata mbu. Nyumbani itakutia wazimu." Ya tatu ilikuwa nyeusi, bapa, ina kifuniko cha kukunja kama cha pakiti ya sigara, na inasoma sehemu ya mia. Mfamasia wa hospitali alikuwa ametaja kipimo hicho hicho.

Mzee hakumwomba aiamini. Alichukua sarafu mfukoni mwa Redio mwenyewe, akaiweka katikati, akasoma namba kwa sauti. Akaitoa, mizani ikarudi sifuri. Akaiweka pembeni, namba ile ile. Pembe nyingine, ile ile. "Mizani inayobadilisha maneno kama shahidi wa kununuliwa, usiinunue," alisema. Ndani ya boksi kulikuwa na kijiwe cha chuma kinachong'aa, kimechorwa uzito wake. "Kila ukitaka kupima, ipe hiki kwanza. Kikisomwa vibaya, usiendelee. Meza isitikisike. Feni izimwe. Simu kaa nayo mbali."

Redio alikuwa anaitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee, na kichwani tayari yuko nyumbani anapima.

"Na kitu kimoja," mzee aliongeza akiwa anafunga boksi. "Hii usiibembeleze. Ukiweka kitu, weka. Ukiona mashaka, nyanyua kisahani, kirudishe tena."

Redio aliitikia na hilo vilevile, jinsi wateja wake wanavyoitikia akiwaambia leo usioshe kichwa, halafu wanakwenda moja kwa moja bombani.

Utaratibu wao ukawa huu. Asubuhi na jioni mama alipima, na Redio akasimama nyuma yake akichungulia namba, mpaka mwenzake akachoka kupuliziwa hewa shingoni. Mama Punje alikuwa na mkono mzito wa jikoni. Alichota kijiko, akakitupa kisahanini pu! akaona kimezidi, akapunguza kwa ncha ya kisu, basi. Kisha akachukua kisahani kwenda jikoni kuchanganya na maji. Redio alikuwa anaumia kumwona. Hivi ndivyo mtu anavyotia chumvi kwenye sufuria ya watoto mia, si dawa ya Punje.

Mchana ilikuwa zamu yake, kwa sababu alinyolea watu katika chumba cha mbele cha nyumba yao hiyo hiyo. Ikifika saa nane aliomba radhi kwa wateja, akaingia chumba cha ndani, akashusha pazia, akanawa mikono mara mbili. Mguu mfupi wa meza aliuwekea karatasi iliyokunjwa. Alizima feni. Aliipa mizani kile kijiwe, kikasomwa sawasawa. Akaweka kisahani, akabonyeza kurudisha sifuri. Halafu akabana pumzi na kufanya kitu ambacho hakuna mtu mtaani aliyekiweza kama yeye: alikigonga kijiko kwa ncha ya kidole, tik, tik, tik, unga ukashuka chembe kwa chembe. Ndivyo alivyokuwa anawanyunyizia wateja poda shingoni, na wateja walikuwa wakisema mkono wa Redio ni mwepesi, hata husikii kama umeguswa.

Mara nyingi sifuri ilikaa muda mrefu kabla haijaondoka. Redio alilichukulia hilo kuwa ndiyo thawabu ya uangalifu. Aligonga, akasubiri, akagonga, hadi namba ikashtuka na kuanza kupanda, naye akaisindikiza taratibu mpaka ile aliyoandikiwa. Wahenga walisema polepole ndio mwendo, lakini tuwasamehe, hawakuwahi kumiliki mizani ya betri.

Wiki chache mambo yalikuwa shwari. Kisha Punje akaanza kulala mchana usingizi usiokuwa wake. Zamani alikuwa akilala kama anayegombana na mtu, mikono inapiga hewa, midomo inanyonya. Sasa alilala amenyooka. Siku nyingine alitapika kwanza, kisha akalala. Jioni mama mtu akirudi na harufu ya moshi na vitunguu nguoni, alimkuta mtoto macho yake yako nusu.

"Asubuhi namwacha anacheza," alisema. "Ikifika mchana unamfanya nini?"

"Nampa dawa kama ulivyompa wewe. Namba ile ile."

"Una hakika?"

"Mke wangu, mimi nanyunyiza chembe moja moja. Wewe unamwaga kama zege halafu unaniuliza mimi?"

Mkewe alimbeba mtoto, akamweka sikio kifuani, akakaa hivyo muda mrefu. Redio alitamani wagombane tu yaishe. Kile kimya cha mkewe kilimtia hofu nyingine kabisa, hofu ya mtu anayeona mlango unafungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kikopo cha dawa nacho kilikuwa kinakwisha kabla ya siku zake. Redio aliwalaumu watu wa hospitali, akasema wamepunja, siku hizi hata dawa watu wanachota. Alilisema hilo mbele ya wateja kwa ushahidi wote wa mtu asiyekuwa na ushahidi. Lakini hata kazini hakuwa yule wa zamani. Siku hizo ungeweza kunyolewa kichwa kizima usisikie habari hata moja. Fundi viatu, mteja wake wa miaka, aliinuka kitini siku moja akijipangusa. "Redio imeisha betri?" aliuliza. Redio akatabasamu upande mmoja, akaangalia saa ya ukutani. Saa nane ilikuwa imekaribia.

Na kadiri alivyoogopa, ndivyo alivyozidi kuwa mwangalifu. Kijiko alikigonga kwa kucha sasa, siyo kidole. Siku hiyo, baada ya pazia kushuka na feni kuzimwa, aligonga mpaka ukucha ukamuuma, na mizani ikabaki sifuri. Punje alikuwa amelala kwenye mkeka karibu yake, tangu saa tano, hakuwa amegeuka hata mara moja. Mwishowe namba ikaruka. Akaifikisha pale inapotakiwa, akashusha pumzi.

Inzi akatua kwenye ukingo wa kisahani. Redio alimpunga, akaogopa asije akaangukia kwenye dawa, akanyanyua kisahani. Inzi alipoondoka, alikirudisha juu ya mizani.

Namba haikuwa ile. Ilikuwa karibu mara mbili yake.

Alifikiri amegusa kitu. Akakinyanyua tena, akakirudisha. Namba ile ile kubwa. Akamimina dawa kwenye karatasi safi, akaweka kile kijiwe cha chuma ndani ya kisahani kitupu, kikasomwa sawasawa, uzito wake kamili. Akairudisha dawa kisahanini: kubwa vilevile. Maneno ya yule mzee wa dukani yakamrudia moja moja, yeye na miwani yake ya pajini. Usiibembeleze. Ukiweka kitu, weka.

Alimimina tena dawa kwenye karatasi ile, akaifunga. Akaenda chumba cha mbele akachukua kopo la poda, akarudi. Aliweka kisahani kitupu, akabonyeza sifuri, akaanza kunyunyiza poda kwa ule mkono wake, kama vile kuna shingo ya mzee mbele yake. Tik, tik. Kisahani kikaanza kupauka. Kikawa cheupe. Chini hakukuonekana tena. Na mizani, kwa utulivu wote, ilikuwa inasoma sifuri.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa imetengenezwa kudharau vumbi na upepo, vitu vinavyomjia mtu polepole, ili isibabaike ovyo. Kila kilichoshuka taratibu mno ilikifuta na kuhesabu upya, na haikukisoma mpaka kisahani kinyanyuliwe na kurudishwa. Chembe zote alizozitia kwa kubana pumzi, kwa upendo, kwa woga, hazikuhesabiwa. Mpaka pale mkono ulipoteleza kidogo ndipo ilipozinduka na kuanza kupima. Mkewe mwenye mkono wa zege alikuwa amepima sahihi siku zote.

Redio alikaa chini kwenye sakafu. Alikuwa amemlevya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, mchana baada ya mchana, pazia limeshushwa ili asikosee.

Lazima niseme ukweli juu ya jambo alilofikiria baada ya hapo, maana si jambo zuri. Alifikiri: sasa nimejua. Nitaupunguza ufike kwenye namba, nitampa, kuanzia leo nitapima kama mama yake, mtoto atachangamka, na hakuna atakayeuliza. Nani atajua? Inzi? Hata alianza. Alifuta poda kisahanini, akairudisha dawa, akaipunguza kwa ncha ya kisu, akanyanyua kisahani, akakirudisha, namba ikawa sawa. Akaichanganya na maji, akaivuta kwenye bomba la kumnyweshea, akamwinua Punje.

Kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma.

Alimwita. Alimgusa unyayo, sehemu ambayo ukiigusa tu lazima avute mguu. Mguu ulijivuta, lakini kwa kuchelewa, kama wa mtu anayejibu kutoka chumba kingine. Alijaribu kumtilia dawa, ikamtoka pembeni mwa mdomo. Redio akatupa bomba, akakusanya mizani, kisahani na kikopo akavitia mfuko mmoja wa shati, akamfunga mtoto kwenye shuka na kutoka bila kufunga mlango wala kuvaa viatu vinavyofanana.

Njia ya hospitali ilipita nyuma ya shule. Alimwambia dereva wa teksi asimame hapo, asizime gari. Jiko la shule lilikuwa banda refu lenye sufuria tatu ambazo mtu mzima anaweza kuogea, na mvuke ulijaa mpaka akashindwa kumwona mkewe. Mkewe ndiye aliyemwona kwanza. Aliangalia uso wake, akaangalia lile shuka, akauachia mwiko ukazama.

"Yu hai?"

"Yu hai. Haamki vizuri."

Alivua aproni akiwa anakimbia. Ndani ya gari alimchukua mtoto, akampulizia usoni, akamwita kwa majina yote anayomwita wakiwa wawili. Redio alikuwa na nafasi ya kusema. Barabara ilikuwa ndefu, dereva hakuwa mtu wa maswali. Kila alipofungua mdomo, alimwona mkewe jinsi alivyomkumbatia mtoto, akaufunga.

Daktari aliwapokea yeye mwenyewe. Muuguzi alitoa damu kwenye kidole cha mguu cha Punje, na Punje akalia kidogo sana, sauti ya paka aliye mbali. Daktari akamulika macho yake, akasikiliza kifua, akawageukia.

"Dawa anapata?"

"Anapata," Redio alisema.

"Kipimo changu? Hakuna aliyepunguza, hakuna aliyeongeza?"

"Kama ulivyoandika," alisema Redio. Alijisikia anasema, kama anayemsikia mtu mwingine redioni.

"Na wewe, mama?"

Mama Punje alikuwa anaangalia sakafu. "Kama ulivyoandika."

Daktari alimwangalia tena mtoto. "Majibu ya damu yatachukua muda, na mimi siwezi kumtazama hivi nikisubiri," alisema. "Kama dawa anapata kwa kipimo na bado analala namna hii, basi takataka zimeizidi nguvu. Tutamwongezea dawa. Sasa hivi, kwa mshipa." Akamwelekea muuguzi kumwambia kiasi.

Uongo ambao Redio aliuweka hapo mezani, uongo mdogo wa kuficha aibu, ulikuwa umeshika sindano.

"Usimwongezee," alisema.

"Baba?"

"Usimwongezee. Nimekudanganya. Mimi nimemzidishia. Mchana, kila mchana, karibu mara mbili." Alitoa mizani mfukoni, kisahani bado kina poda ukingoni, akaiweka mbele ya daktari kwa mikono yote miwili. Akaeleza: kijiko, kucha, sifuri isiyoondoka, inzi. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akiruka. Hakuthubutu kumtazama mkewe. Alingoja tu sauti yake, na chochote itakachomwita.

Sauti ilipokuja ilikuwa ndogo.

"Na mimi nampunguzia," mama Punje alisema.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Niliona akishapewa dawa mchana analala. Nikasema ni dawa hii, ndiyo inayomuua mwanangu. Nisingeweza kupima pungufu, huyu anasimama mgongoni kwangu anasoma namba. Basi nikienda jikoni kuchanganya, nusu naimwaga kwenye sinki. Asubuhi na jioni." Alijifuta uso kwa kiganja chenye masizi, ukabaki mstari. "Sikusema. Niliogopa ataona simwamini. Na kweli nilikuwa simwamini."

Redio aligeuka, akamwangalia mkewe kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kwa wiki nzima walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja na hofu yake upande wake, hofu mbili za mtoto mmoja, zinavutana katikati yake.

Daktari hakuwakemea. Pengine ingekuwa afadhali. Alimwambia muuguzi aweke maji tu kwa mshipa, wasubiri damu. Kisha akaichukua ile mizani, akaigeuza geuza.

"Mnajua ingekuwaje?" alisema. "Wewe baba ungenyamaza, ukarekebisha mkono wako kesho. Mama angeendelea kumwaga. Mtoto angebaki na nusu asubuhi, nusu jioni, na wewe ungekuwa na amani kabisa kwamba sasa unapima sawa. Mngeniletea akiwa ameshalala usingizi ule mwingine." Akaifunga mizani kwa kifuniko chake. "Na leo hii, kwa midomo yenu yote miwili, mimi ndiye ningemzidishia."

Redio alikumbuka lile wazo la sakafuni, nani atajua, na jinsi lilivyokuwa na sura ya busara. Alitoka nje ya mlango, akashika ukuta, akatapika kwenye beseni la mfagiaji.

Walikaa kwenye benchi wakisubiri damu. Hawakushikana mikono. Kulikuwa na mlango mmoja uliokuwa ukifunguliwa na kufungwa, na kila ulipofunguliwa wote wawili waliinua vichwa pamoja. Wakati mmoja mama Punje alisema, bila kumwangalia, "Umevaa kiatu changu." Redio akaangalia chini. Kweli, mguu wa kushoto alikuwa na ndara ya mkewe. Hakuna aliyecheka, lakini mama Punje alisogea karibu kidogo.

Damu ilisema dawa ilikuwa imezidi, si kwa kiasi cha kutisha. Takataka nazo zilikuwa zimeanza kupanda, si kwa kiasi cha kutisha. Daktari alisema hajui kosa lipi lilimwokoa kutokana na lipi, na akawaomba wasije wakamwambia mtu mwingine kwamba hii ni njia. Punje alifumbua macho giza likianza kuingia, akaangalia taa, akaangalia wazazi wake, akafumba tena. Safari hii alilala akipigana na hewa. Redio alikaa anaihesabu mikono ile kama muziki.

Walirudi nyumbani baada ya siku chache. Asubuhi ya kwanza, dawa ilipofika wakati wake, mama Punje alivuta meza katikati ya chumba, akaweka mizani, akampa mumewe kijiko.

"Pima wewe," alisema.

"Mkono wangu huu?"

"Huo huo."

Alizima feni. Akaipa mizani kijiwe chake. Alitamani sana kugonga kwa kidole, tik, tik, jinsi anavyojua. Badala yake alichota na kutupa, pu! kwa uzito ambao ulimuumiza moyo. Ikazidi. Akapunguza kwa kisu. Akanyanyua kisahani, akakirudisha. Akanyanyua tena, akakirudisha. Mkewe alichungulia, akaitikia kwa kichwa. Halafu alileta kikombe cha maji pale pale mezani, hakwenda jikoni, akachanganya mbele ya macho yake mpaka kisahani kikawa kitupu, akakigeuza amwonyeshe.

Wote wawili walikuwa wanaogopa, na kila mmoja alimwona mwenzake anaogopa. Hilo lilikuwa jipya.

Punje alionja ile dawa, akakunja uso, akaimeza kwa sababu hakuwa na namna, kisha akafungua mdomo na kulia. Alilia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa, miguu inapiga, sauti inapita pazia na kutoka mpaka barabarani. Fundi viatu aliyekuwa anangoja chumba cha mbele alipaza sauti kuuliza kuna nini huko ndani.

"Hakuna kitu," Redio alimjibu. Alikaa chini kando ya mkewe, na wakamwacha alie.